Waliniozesha Nikiwa Siwezi Kusema

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, najua mtasoma mmelala chali, simu imewaning'inia juu ya uso. Kaeni kitako kwanza. Siwaandikii mnihurumie. Huruma nimepewa nyingi na haikunifaa kitu. Nawaandikia kwa sababu mmoja wenu ana mama, au dada, au ni yeye mwenyewe, ambaye kichwa kimemgeuka, na watu wa nyumbani wameshaanza kumzungumza mbele yake kama vile ni kabati. Mimi nilikuwa kabati hilo. Nilisikia yote.

Hapa mtaani wananiita Bibi Mwanaidi. Kwetu ni Tanga. Shule nilifika darasa la tatu, chuo cha Kurani nilihitimu, kwa hiyo mkikuta nimekosea sahihisheni kichwani mwenu muendelee. Tunaishi Turffontein, hapa Johannesburg, upande wa nyuma wa uwanja wa farasi, mimi, binti yangu Rukia, na mjukuu wangu Zuhura aliyezaliwa hapahapa. Nilikuwa nauza vitumbua na sambusa. Mume wangu alifia Johannesburg, tukamzika Johannesburg.

Ugonjwa ulikuja nilipomaliza eda. Sikuwa na homa. Nilianza kusikia wanaume ndani ya ukuta wa jikoni, wanacheka, wananitaja kwa jina. Nikawa silali. Nikawa siogi, maana waliniambia ndani ya maji kuna watu. Siku moja nilitoka na kanga moja tu kifuani, nikasimama katikati ya njia kwenye robot, zile taa za barabarani, nikawa naamuru magari. Madereva wa teksi wakipiga honi, wengine wananirekodi. Rukia alikuwa kazini Randburg, anapanga bidhaa supamaketi. Mwenzake alimwonyesha video ili wacheke pamoja. Hivyo ndivyo mwanangu alivyojua mama yake yuko wapi.

Polisi walinipeleka hospitali. Rukia akanifuata huko, tukakaa kwenye benchi la chuma tangu mchana hadi kukapambazuka. Nilikuwa nimejikojolea na hakuna aliyenipa nguo. Mama mmoja aliyekaa mbele yetu akasema kwa Kizulu, kwa sauti ya kusikika, "Hawa wageni hata wazimu wanakuja kuugulia kwetu." Rukia alikuwa amechoka mpaka macho yamemwingia ndani, lakini akamjibu kwa Kizulu hichohicho, "Mama, wazimu hauombi viza." Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, ila wakadhani nacheka na wale wa ukutani.

Wodini nilikaa mpaka sauti zikafifia, kisha wakaniruhusu kurudi nyumbani kwa masharti ya sindano kila mwezi kliniki. Sasa nisikilizeni habari ya dawa hizi, maana mimi sikuelezwa na mtu. Wale wa ukutani ziliwanyamazisha, na kwa hilo nazishukuru. Lakini zilininyamazisha na mimi. Baada ya sindano ya kwanza ulimi ulikuwa mzito. Baada ya ile ya pili ulikuwa kama kipande cha ngozi mtu amenitia mdomoni. Shingo ilikakamaa. Mikono ilitetemeka hata kikombe hakishikiki. Nilinenepa, pete ya marehemu ikabidi ikatwe kwa koleo. Mate yalinitoka, nikawa nafungwa kitambaa kifuani kama mtoto anayeota meno. Nikitaka kusema neno, lilikuwepo kichwani, zima kabisa, na herufi zake zote, lakini lilipofika kooni lilikaa hapo. Ndani nilikuwa nimeamka. Nje nilikuwa gogo.

Kliniki unafika kabla jua halijatoka, ni baridi ya Juni, nyasi zimekauka na zimeganda barafu, na foleni imeshazunguka ukuta. Huko nilikutana na Mama Furaha, Mkongomani msusi, naye anachomwa sindano kama yangu, ila yake ya zamani, mwili umeshaizoea. Alikuwa na taulo dogo begani. Alinifuta mate bila kuniuliza, akaniangalia machoni kwa muda mrefu, akasema, "Banasema hauna akili. Miye naona uko unasikia byote." Nilitokwa na machozi. Akanifuta na hayo. "Bon. Basi tutangoja ulimi urudie."

Huyo ndiye mtu pekee katika baridi ile nzima aliyezungumza na mimi. Wengine walizungumza juu yangu.

Mdogo wangu Athumani alikuja siku ya Jumapili. Ana duka la simu mjini, anavaa vizuri, ananukia, anapenda kuitwa mkubwa. Alikaa sebuleni na Rukia, mimi nimewekwa kwenye kiti cha pembeni karibu na hita.

"Rukia, mama yako utamlinda mpaka lini?"

"Mjomba, nifanyeje? Nikienda kazini namfungia mlango. Zuhura yuko shule."

"Mwanamke hafungiwi mlango, mwanamke huolewa. Mzee Haji amefiwa na mkewe, yuko peke yake Joubert Park, ana flati nzima. Akipata mume, haya mambo ya kichwa hutulia. Tumeona kwa wengi."

"Lakini mama hasemi."

"Ndiyo vizuri. Mzee Haji amechoshwa na wanaosema."

Wakacheka. Rukia naye alicheka. Nimemwambia kwamba hilo nitaliandika, akalia, nikamwambia lia lakini nitaliandika. Alikuwa anatoka kabla ya alfajiri na kurudi giza, anabadilisha nguo za mama yake mwenyewe, anaamka usiku kunitazama. Nalijua hilo. Alichoka. Lakini kuchoka kwake hakukumpa ruhusa ya kunigawa.

Sasa kuna jambo letu sisi watu wa pwani ambalo vijana mliozaliwa huku hamlijui, na wengi wa wakubwa wenu wanalijua nusu. Siku ya nikahi bibi harusi anakuwa ndani na wanawake. Walii wake, ndugu mwanamume wa kumwozesha, anaingia na mashahidi kumuuliza kama ameridhia. Mwali, msichana ambaye hajaolewa, akiona haya akainamisha kichwa na kunyamaza, huhesabiwa ameridhia. Lakini mwanamke aliyewahi kuolewa, mjane kama mimi, hana ruhusa hiyo ya kunyamaza. Lazima aseme kwa mdomo wake, asikike. Hilo kila mtu aliyepita chuoni analijua.

Waliniogesha, wakanipaka hina. Ilikuwa siku chache tu baada ya sindano, wakati ulimi uko mzito kuliko wakati wote. Athumani akaingia na watu wawili. Akapiga goti mbele yangu kama mtu mwenye adabu.

"Dada, Mzee Haji amekuposa kwa mahari tuliyokubaliana. Umeridhia nikuozeshe?"

Hapana ilikuwa pale. Niliisukuma kwa nguvu zote za mwili wangu. Kilichotoka ni mate, na mdomo ukapinda.

"Anatabasamu," akasema shahidi mmoja.

"Kanyamaza," akasema Athumani. "Amenyamaza, ameridhia."

Yule shahidi wa pili, kijana, akakuna kichwa. "Lakini kaka, mjane si husema?"

"Huyu sasa ni kama mwali," akajibu Athumani. "Kula anafundishwa upya, kuvaa anafundishwa upya. Mwali kabisa huyu."

Wanawake wakapiga vigelegele. Zuhura akauliza kwa Kiingereza kwa nini bibi analia, mama yake akamwambia thula, nyamaza. Nje Athumani alimwambia sheikh kwamba nimekubali. Sheikh alikuwa amekaa na wanaume, hakuniona, akamwamini ndugu wa damu. Pilau likaliwa.

Joubert Park nilikaa ghorofa ya saba, lifti haifanyi kazi, madirisha yanatazama reli za stesheni. Yaliyofanyika katika chumba kile sitawaelezeni, si kwa aibu, aibu si yangu. Nitasema tu kwamba niligeuza uso nikatazama ukuta, na kwamba nilikuwa najua ni nani, tuko wapi, na ananifanyia nini. Kila mara nilijua. Zile sauti zilikuwa zimekwisha, na mara nyingine nilizitamani, maana ukiwa mwendawazimu kweli unakuwa angalau na mahali pa kwenda.

Kilichoniumiza zaidi kilikuwa kliniki. Mzee Haji hakukosa hata sindano moja. Alinileta mwenyewe, amenishika kiwiko, ametia kofia yake nyeupe, ananifuta mate mbele za watu. Masista, wauguzi wa pale, walimpenda. "Gogo, una bahati," walikuwa wakiniambia; gogo kwa Kizulu ni bibi. "Waume wengine wangeshakimbia." Na yeye anainamisha kichwa, anasema ni wajibu. Alikuwa ameshagundua kuwa sindano ndiyo inayonifunga ulimi. Ndiyo maana hakukosa.

Majakaranda yalikuwa yanamwaga maua ya zambarau njiani alipokuja daktari mwingine kliniki, msichana mdogo mwenye meno makubwa. Hakumuuliza Haji kitu. Alinishika mkono, akaukunja na kuukunjua, akatazama jinsi ninavyotembea, akakunja uso. Akapunguza sindano, akaongeza kidonge kidogo cha kulegeza mwili. Haji akamwambia kwamba hali yangu ni nzuri, hakuna haja ya kubadilisha. Daktari akasema, "Sikuulizi wewe, baba."

Kidonge kile Haji alikitupa. Lakini sindano hakuweza kuibadilisha, na mwili ukaanza kunirudia. Kwanza mate yakakauka. Halafu vidole. Nikafanya mazoezi ya kusema chooni, maji yakiwa yanatiririka asisikie. Neno la kwanza lilikuwa jina langu. La pili nililiweka akiba kwa siku yake.

Siku ya sindano iliyofuata tuliingia kwa sista. Mama Furaha alikuwa mlangoni, zamu yake inafuata, mlango uko wazi kama kawaida yao. Sista akauliza, kama anavyouliza kila mtu, huku macho yakiwa kwenye karatasi, "Gogo, nyumbani kuko sawa?"

Nikasema. Kwa Kiswahili, polepole, sauti kama ya mtu aliyekabwa. "Huyu si mume wangu. Ananiingilia kwa nguvu. Sikukubali."

Sista akainua macho, amefurahi kwelikweli. "Haibo! Gogo anaongea! Anasemaje, baba?"

Mzee Haji hakutikisika. Akatabasamu. "Anasema ahsante, sista. Anashukuru kwa dawa."

Hapo nilijua nitafia ghorofa ya saba. Nilikuwa nimepata ulimi, na ulimi wenyewe hauna mtu wa kuusikia ila yeye.

Mama Furaha aliingia na taulo lake begani, akasimama katikati yetu. "Sista, huyu baba anakudanganya." Kisha akayatafsiri maneno yangu kwa Kiingereza chake cha saluni, neno kwa neno, kwa sauti ambayo foleni yote ilisikia. Haji akaanza kucheka. "Huyu naye mgonjwa, sista, wote wawili wagonjwa, utawasikiliza vichaa?" Na ilikuwa kweli, alikuwa mgonjwa, kadi yake ilikuwa mkononi, ya rangi moja na yangu.

Sista alimtazama Mama Furaha. Akanitazama mimi. Nikarudia maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule. Mama Furaha akayatafsiri yaleyale. Sista akaweka sindano chini.

"Baba, toka nje," akasema. Akafunga mlango kwa ufunguo.

Vijana, shikeni hili hata mkisahau mengine. Mgonjwa wenu akienda kliniki, anayekaa naye nyumbani asiwe ndiye mkalimani wake peke yake. Hata kama ni mume. Hata kama ni mtoto wake. Awepo mtu mwingine.

Walimwita ofisa wa ustawi wa jamii, akaja na polisi. Nilirudi kwa Rukia. Hakuweza kunitazama, akaniandalia uji. Nikanywa uji.

Sheikh alikuja mwenyewe nyumbani aliposikia, na Athumani akaitwa. Sheikh hakukaa.

"Uliniambia amesema."

"Alinyamaza, sheikh. Mashahidi wapo."

"Kunyamaza ni kwa mwali."

"Mgonjwa wa vile, sheikh, si sawa na..."

"Hata angekuwa mwali! Mwali ananyamaza kwa haya. Huyu alikuwa ananyamaza kwa sindano. Huoni tofauti, na ndevu zote hizo?" Akanigeukia. "Bi Mwanaidi, hapakuwa na ndoa. Yule mtu hakuwa mumeo hata siku moja."

Nilimwambia ahsante, lakini angeingia ndani aniulize mwenyewe siku ile, leo asingekuwa na haja ya kuja. Alikubali. Uso ulimshuka, akakubali.

Kesi ya Haji ilikuwa ndefu. Mvua za mawe zilianza na kwisha, ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Mwendesha mashtaka alikuwa mwanamke wa makamo, mkalimani wa mahakama amekaa kati yetu. Akanieleza sheria ilivyo. Kuna wanawake ambao sheria ya nchi hii inasema ridhaa yao haihesabiki, kwa sababu ya ugonjwa au ulemavu wa akili. Asiyeelewa anachofanyiwa. Asiyeweza kukataa. Na anayeelewa, anataka kukataa, ila hawezi kuonyesha kwamba hataki.

"Mimi ni huyo wa mwisho," nikamwambia.

"Gogo, karatasi za hospitali zinasema mengi. Mbele ya hakimu ni rahisi zaidi tukisema hukuwa unaelewa. Ukisema ulikuwa unaelewa, wakili wake atakuuliza kwa nini hukufanya kitu."

"Kwa hiyo nishinde kwa kusema sikuwa na akili."

"Ushinde, ndiyo," akasema. "Nataka ushinde."

Nilipanda kizimbani nikasema ukweli. Nilielewa. Nilikataa kwa kila kitu ila ulimi. Wakili wa Haji alikuwa kijana mpole, sauti kama ya muuza bima.

"Mama, wale watu wa ukutani, siku hizo walikuwa wanakwambia nini?"

"Walikuwa wamenyamaza. Aliyekuwa akisema ni mteja wako."

"Lakini ulikula chakula chake. Ulikwenda naye kliniki. Watu wakawaona."

"Na wewe ukifungwa utakula."

Hakimu akaniambia nijibu swali tu.

Mzee Haji alifungwa. Siku ya hukumu nilikaa mbele, nimevaa baibui jipya, nimenyoosha mgongo. Hakimu alisoma kwa muda mrefu na mkalimani akininong'oneza sikioni. Mlalamikaji alikuwa na ugonjwa mkali wa akili. Mlalamikaji hakuwa na uwezo wa kuelewa, wala kukataa, wala kueleza. Aliyamwaga yote matatu kwa mkupuo. Nikamwambia mkalimani, mwambie kuelewa nilielewa. Akanishika goti, akaniambia, "Bibi, umeshinda, tulia." Nikatulia. Hakimu aliniamini kwamba nimeonewa. Kwamba nilikuwepo wakati naonewa, hilo hakuliamini.

Na ubaya haukuchelewa kuzaa. Tulipotoka koridoni Athumani alikuwa amesimama kwenye nguzo. Hakuomba msamaha. Alimwambia Rukia, si mimi, "Umesikia? Korti yenyewe imesema hana uwezo. Basi lazima awepo mtu wa kumwamulia. Mimi ndiye ndugu yake mwanamume. Nitampeleka Tanga, akae kwa watu."

Sikulala raha baada ya siku ile. Niliogopa hukumu niliyoshinda kuliko nilivyomwogopa Haji. Nikamuuliza sista wangu wa kliniki, na Mama Furaha safari hii ndiye mkalimani rasmi, anapewa hata kiti. Sista akasema hakimu alizungumzia wakati ule na jambo lile. Uwezo wa mtu haukatwi mara moja ukaisha kama pete yangu. Huulizwa kwa kila jambo, kwa siku yake, na leo ninao. Kisha akasema jambo ambalo sikulijua: kwamba nikiwa mzima naweza kusema mapema ninachotaka na nisichotaka nikiugua tena, likawekwa kwenye faili langu. Maana utarudi, huu ugonjwa. Sitawadanganya kwamba umekwisha. Mikono bado inanitetemeka asubuhi, na vitumbua vyangu siku hizi havina umbo.

Idi iliyopita Athumani alikuja na trei ya tende. Akasimama nje ya geti la chuma la mlangoni, anasalimia kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. "Rukia, fungua mwanangu. Nimekuja kumwona dada, tuzungumze habari ya safari."

Rukia akaniangalia, kisha akauchukua ufunguo msumarini. Mazoea. Zuhura akaacha kula.

Nikamwambia Rukia arudishe ufunguo mahali pake. Nikaweka kikombe chini kwa mikono miwili kisimwagike, nikawaamuru wote wawili, na sauti yangu siku hiyo ilikuwa nzima.

"Nikiugua nikakataa sindano, nipelekeni, hata nikiwatukana njia nzima. Hilo nalikubali leo nikiwa na akili zangu. Lakini mtu asiingie kwangu, asinitoe humu, asinioze, asinisemee, mpaka mniulize mimi na mdomo huu ujibu ndiyo. Mkiniuliza nikanyamaza, nimekataa. Sasa Rukia, nenda kamwambie mjomba wako kwamba umeniuliza, na nimenyamaza."